Kabla hujahama mtandao, pima kwanza: shida ni mnara, nyumba, simu au msongamano?

#1 | Mwanzisha uzi

Wakuu salaam.

Uzi huu ni kwa yeyote ambaye mtandao unamkatikia nyumbani na ameshaamua moyoni kuhama kampuni. Mimi nilihama kwa hasira. Nilikuwa nikipokea simu, "haloo, haloo", mwenzangu anasikia nusu ya neno halafu kimya. Siku moja mama alinipigia mara sita. Alikuwa amelazwa, anataka kunieleza. Simu yangu ilikuwa mezani, imewashwa, chaji imejaa, wala haikuita. Taarifa za simu zote sita ziliingia kwa mpigo nilipotoka nje jioni. Wiki hiyohiyo nikahamisha namba.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa bado nasimama kwenye ngazi ya tatu, bega ukutani, kichwa nimekielekeza dirishani, maana ndani ya nyumba nzima ni hapo tu simu ilikuwa inashika vizuri. Palepale pa zamani, kwa laini mpya.

Nilichokuja kugundua ni kwamba kampuni niliyoiacha na niliyoiendea zilikuwa zimefunga antena zao kwenye mnara mmoja. Siku hizi kampuni nyingi za simu hazimiliki minara. Zinapanga kwenye minara ya kampuni nyingine ambazo biashara yao ni minara tu, kwa hiyo mnara mmoja unaweza kubeba mitandao miwili hata minne. Kama kati yako na mnara huo kuna kilima, kubadili laini hakukisogezi kilima.

Kwa hiyo tafuta kwanza ugonjwa uko wapi, na kwa uzoefu wangu hauzidi sehemu nne: mnara, nyumba, simu yenyewe, au msongamano wa watu.

Anza kwa kuacha kuvitegemea vile vijiti vya mtandao juu ya kioo. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Kila mmoja anaamua mwenyewe kijiti cha tatu kiwake lini. Simu mbili zenye laini za mtandao mmoja, mezani ubavu kwa ubavu, moja inaonyesha vijiti vinne na nyingine viwili, na zote zinapokea mawimbi yaleyale.

Kipimo cha kweli ni dBm, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye simu yako, ikipimwa kwa desibeli. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, halafu tafuta hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* utafunguliwa ukurasa wa vipimo. Namba itakuwa hasi, na inavyosogea karibu na sifuri ndivyo hali inavyokuwa nzuri. Kwa 4G, -90 kwenda juu uko vizuri kabisa. -100 hadi -110 unaweza kuishi nayo. Ukivuka -115 sauti inaanza kukatika, na kwenye -120 uko ukingoni.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Tofauti ya -90 na -110 inaonekana ndogo kwa macho, kumbe ni mara 100.

Nilichukua daftari nikazunguka nyumba nzima, kila mahali nasimama dakika mbili, nafanya hivyo asubuhi na usiku. Hizi ndizo namba zangu: nje uani -88, mlangoni -93, ngazi ya tatu -99, sebuleni -105, chumbani -117.

Ziangalieni hizo wakuu. Uani mtandao ni mzuri! Kati ya uani na chumbani kwangu zimepotea desibeli 29, yaani chumbani napata takriban sehemu moja ya mia nane ya ninachopata nje. Mnara ulikuwa unafanya kazi yake na nyumba ndiyo iliyokuwa inameza mawimbi. Zege lenye nondo, bati, madirisha ya vioo vilivyopakwa utando wa kuzuia joto, karatasi ya fedha chini ya paa: vyote hivyo ni ukuta kwa mawimbi. Vioo vya aina hiyo vinadanganya sana, kwa sababu mtu anasogea dirishani akidhani atapata nafuu na hapati.

Kama una namba zako, weka hapa tusaidiane.

#2

Mkuu umenigusa, ila yangu ni tofauti. Vijiti vimejaa, nimepima sasa hivi napata -82, lakini kuanzia saa mbili usiku intaneti haitembei. Video inazunguka tu. Saa kumi na moja alfajiri inakimbia vizuri. Nilikuwa nimepanga kesho nikanunue laini ya kampuni nyingine.

#3 | Mwanzisha uzi

@#2 huo ni msongamano, na wewe ndiye ambaye kuhama kunaweza kumsaidia kweli. Mawimbi unayo, ila mnara una uwezo fulani tu wa kubeba data na uwezo huo mnagawana wote mliomo kwenye eneo lake. Usiku watu wamerudi nyumbani, kila mmoja ameshika simu. Kampuni nyingine kwenye mnara uleule ina masafa yake ya redio na wateja wake, inaweza kuwa na nafasi.

Ila usihamishe namba kesho. Nunua laini ya pili, iweke kwenye nafasi ya pili ya simu au kwenye simu ya zamani, uitumie wiki nzima saa zilezile zinazokukera. Kujaribu laini mpya saa nne asubuhi hakukuambii chochote kuhusu saa tatu usiku.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye 3G eneo la mnara lenyewe hupungua watu wakizidi. Simu zote zinazungumza kwenye masafa yaleyale kwa wakati mmoja, kila moja ni kelele kwa mwenzake, kwa hiyo kelele zikipanda walio mbali ndio wanaoachwa kwanza. Mtu aliye pembezoni anakuwa na mtandao mchana na kuukosa jioni, na hakuna aliyegusa chochote.

#4

Naomba kuongezea kwenye upande wa simu, maana nafanya kazi ya kutengeneza simu na haya nayaona kila siku.

Mtu anakuja analaumu mtandao, ukiangalia simu yake ilitengenezwa kwa soko la bara jingine. Inashika 4G, ndiyo, lakini si kwenye masafa yote ambayo kampuni yake inatumia. Mara nyingi masafa yanayokosekana ni yale ya chini, megahezi 700 au 800, na hayo ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta. Inabaki na 1800 au 2600, ambayo yanabeba data nyingi lakini hayaendi mbali na yanachoka haraka kwenye zege. Mjini simu inafanya kazi vizuri, akitoka nje ya mji inakufa. Angalia namba kamili ya toleo la simu yako, isiwe jina la biashara tu, kisha linganisha na bendi (namba za makundi ya masafa) ambazo kampuni yako inatumia. Bendi 20 ni megahezi 800, bendi 28 ni 700, bendi 8 ni 900, bendi 3 ni 1800, bendi 7 ni 2600.

La pili ni kadi ya laini (SIM) yenyewe. Kuna watu wana kadi ya tangu enzi za 2G au 3G, wameikatakata iingie kwenye simu mpya, halafu wanashangaa 4G haiji. Kadi hizo nyingine hazina uwezo huo. Unabadilishiwa kadi kwenye kampuni yako ileile, namba ileile, na tatizo linaisha bila kuhama.

La tatu ni kupiga simu juu ya 4G, ile inayoitwa VoLTE. Kama simu yako haina, au imezimwa kwenye mipangilio, kila ukipiga au kupigiwa inabidi ishuke kwenye 3G au 2G. Tazama kioo wakati simu inaita: ukiona 4G imegeuka H (yaani 3G) au E (yaani 2G), ndiyo hiyo. Sasa kama 3G ya eneo lako ni mbovu, data itakuwa nzuri na simu za sauti zitakuwa zinakatika, na mtu hataelewa kwa nini. Na 3G inazimwa sehemu nyingi duniani. Ujerumani waliizima 2021, na Marekani kampuni ya AT&T waliifunga Februari 2022. Kwa AT&T, simu zisizo na VoLTE zilibaki hazipigi wala kupokea, ingawa zilikuwa nzima.

#5

Asante sana #4. Ya VoLTE nimeiangalia sasa hivi, ilikuwa imezimwa. Simu hii nina miaka miwili nayo.

Swali: kwa nini nikiwa kijijini chaji inaisha mchana na simu inachemka hata kama siitumii?

#6

@#5 ni kwa sababu simu nayo ni redio. Mnara ukiwa mbali, inabidi ipaze sauti ili isikike. Simu ya 4G kwa kawaida haizidi takriban milliwati 200, na karibu na mnara inatumia sehemu ndogo sana ya hizo. Pembezoni inatumia zote, na ikipoteza mtandao inaanza kutafuta upya kwenye masafa yote inayoyajua, tena na tena. Mahali ambapo mtandao haupo kabisa weka hali ya ndege, utaona chaji inavyokaa.

#7

Samahani, mimi nina mtazamo tofauti. Mteja si fundi. Nalipia bando, nataka nipige simu, basi. Kwa nini nizunguke na daftari nyumbani kwangu kupima desibeli wakati hela wanachukua wao? Mtandao mbovu ni mbovu, unahama, wakikosa wateja watajifunza.

#8 | Mwanzisha uzi

Mkuu #7 hasira yako naielewa, na sikulaumu hata kidogo. Ni kweli kazi hii si yetu. Nilipopiga huduma kwa wateja mara ya kwanza niliambiwa nizime simu niwashe. Mara ya pili, nizime simu niwashe.

Mara ya tatu nilikwenda na daftari. Nikawaambia: tarehe hizi tano, saa hizi, mahali hapa, uani napata -88 kwa kawaida lakini tangu siku ile ya upepo mkali inasoma -103, na majirani wawili wa mtandao huohuo wameona hivyohivyo. Nikawapa na namba ya seli (inayotambulisha antena inayokuhudumia) iliyokuwa inaonekana kwenye ukurasa wa vipimo. Malalamiko yakapokelewa kwa jina la fundi, wala si jina la dawati. Siku nne baadaye niliona mtu amepanda mnara, na jioni ile namba zikarudi -88. Mnara huwa umegawanywa pande, mara nyingi tatu, kila upande na antena zake. Upande mmoja ukiyumba au ukizimika, mnara kwa jumla unaonekana mzima na wanaoumia ni ninyi wa upande huo tu. Wao wakikaa mbele ya skrini zao si rahisi waone ulichokiona wewe uani.

Na wakikudharau hata ukiwa na namba, hizo namba ndizo za kupeleka kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano. "Mtandao ni mbovu" haina pa kushikwa. Tarehe, saa, mahali na kipimo vinashikika.

Kuhama ni haki yako na mimi mwenyewe nimehama mara mbili. Ninachoomba ni kwamba mtu asilipie usumbufu ule mara mbili kama nilivyoulipia.

#9

Naomba mnifafanulie kuhamisha namba yenyewe. Namba yangu ni ya miaka kumi na mbili, wateja wangu wote wanayo, benki wananitumia nayo ujumbe wa siri. Naogopa kuipoteza.

#10 | Mwanzisha uzi

@#9 hofu yako ina msingi, lakini ukifuata mpangilio namba haipotei. Jambo lenyewe si geni. Singapore ndio waliotangulia mwaka 1997, Marekani wakafuata kwa simu za mkononi Novemba 2003, na sasa nchi nyingi zina utaratibu huo.

Kosa linalowaponza watu ni moja, nalo ni kuifunga laini ya zamani kabla ya kuhama. Usiifunge! Namba ikishafungwa hakuna cha kuhamisha. Laini inatakiwa iwe hai mpaka dakika ya mwisho, na kampuni mpya ndiyo itakayoichukua.

Namna ya kuanza inatofautiana. Uingereza unatuma neno PAC kwenda 65075 kwa laini unayotaka kuihama, unarudishiwa msimbo unaodumu siku 30, unaupeleka kwa kampuni mpya. India unatuma neno PORT pamoja na namba yako kwenda 1900. Kwingine unakwenda moja kwa moja kwa kampuni unayohamia na kitambulisho, wao wanamalizana na ile ya zamani. Popote ulipo, hakikisha kwanza jina lililosajiliwa kwenye laini ni lako na linafanana herufi kwa herufi na kitambulisho. Maombi mengi yanakwama hapo. Laini ilisajiliwa na shemeji miaka kumi iliyopita, leo anakwenda mwenye namba, wanamkatalia, na wana haki.

Sasa kuna vitu vinavyobaki nyuma. Salio na bando havihami. Pesa kwenye pochi ya simu ni ya kampuni ya zamani, namba ikihama pochi haifuati, kwa hiyo itoe yote kabla, na kama una mkopo au deni la salio lilipe maana linaweza kuzuia uhamisho. Ujumbe na majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi yenyewe yahamishie kwenye simu. WhatsApp haina shida, inafuata namba.

Ujumbe wa benki ndio wa kuangalia kwa makini. Siku ya kuhama kuna muda ambapo mitandao mingine haijajua kwamba namba imehamia nyumba mpya. Simu za sauti zinaweza kuingia, ujumbe wa mifumo ya benki ukachelewa kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Usipange kuhama siku ambayo una malipo ya lazima. Mimi nilihama siku ya kulipa kodi ya nyumba, nikakaa mpaka usiku nikisubiri tarakimu sita za benki.

Na tafadhali, kama laini yako itakufa ghafla, inaandika haina huduma huku majirani wote wa mtandao huohuo wanapata, na wewe hukuomba kuhama wala kubadilisha kadi, usisubiri. Azima simu uwapigie kampuni na benki dakika hiyohiyo. Huenda kuna mtu amejifanya wewe akachukua namba yako.

#11

Vipi kuhusu vile vifaa vya kuongeza mtandao vinavyouzwa mtandaoni? Kuna kimoja bei yake ni rahisi sana.

#12

@#11 usinunue kwanza. Kifaa kile kinapokea mawimbi kwa antena ya nje, kinayakuza, kinayatoa ndani. Kikiwa cha ovyo, au antena ya nje na ya ndani zikiwa karibu, kinaanza kujisikia chenyewe na kupiga kelele kwenye masafa ya kampuni. Unaharibu mtandao wa mtaa mzima, na nchi nyingi ni kosa kukiwasha bila kibali. Wasimamizi wa mawasiliano wana vifaa vya kutafutia chanzo cha kelele, watakufikia mlangoni.

Kama nje una mawimbi na ndani huna, nunua ruta ya 4G yenye matundu ya antena, weka antena juu ya paa iangalie mnara, ndani utumie Wi-Fi. Antena ziwe mbili, si moja, kwa sababu 4G inatumia njia mbili kwa pamoja. Na waya uwe mfupi. Nimeona mtu amevuta mita ishirini za waya mwembamba, antena ya gharama, na alichokipata juu kikaishia chote njiani.

#13 | Mwanzisha uzi

Hiyo ya #12 iko sahihi, na ndiyo ilinifikisha nilipo leo. Kama nyumbani una intaneti yoyote ya Wi-Fi, angalia kwenye mipangilio ya simu kama kuna kupiga kwa Wi-Fi. Simu inaita kwa namba yako ya kawaida, anayekupigia hajui tofauti, ila sauti inapita kwenye ruta badala ya mnara. Si kila kampuni na si kila simu inayo, uliza kabla.

Upande wa laini, baada ya yote yale nilijaribu kampuni ya tatu kwa wiki mbili kwa laini ya pembeni. Uani ilisoma -91, mbaya kidogo kuliko ya mwanzo. Chumbani ikasoma -108. Yaani nyumba ileile ilikula desibeli 17 tu badala ya 29, kwa sababu wao eneo letu wanatumia megahezi 800. Ningepima nje peke yake ningeikataa. Namba yangu nimeihamishia huko.

#14

Mwanzisha uzi, mama aliendeleaje?

#15 | Mwanzisha uzi

Asante kwa kuuliza ndugu yangu. Alipona, yuko nyumbani. Jana usiku amenipigia saa nne nikiwa nimelala, ikaita mara moja tu nikapokea nikiwa kitandani.

#16

Ni mimi wa #2, nimerudi na majibu kama nilivyoambiwa. Laini ya pili, siku saba, saa tatu usiku kila siku. Siku tano video imecheza bila kusimama, siku mbili za mwisho wa wiki imezunguka kidogo. Mawimbi yao ni -96, dhaifu kuliko -82 ya zamani, lakini yanatembea. Namba siihamishi bado, naongeza wiki mbili nione mwisho wa mwezi unakuwaje. Daftari ninalo.